Jina la Mwenye Akaunti

Kila nikisema niliwahi kukaa Uingereza, vijana wenzangu hutaka niwasimulie theluji. Theluji niliiona mara mbili tu, tena ikayeyuka kabla ya adhuhuri. Nilichokiona sana ni benki. Nimesimama kwenye foleni ya benki moja ya mji wa Leicester mara nyingi mpaka nalikumbuka zulia lake, la buluu, lina doa la chai karibu na mlango. Kwa hiyo nitasimulia benki. Anayetaka theluji amtafute mwingine.

Nilifika Septemba mwaka 2003, nikiwa na sanduku moja, barua ya chuo, na koti la mtumba ambalo nadhani lilikuwa linarudi kwao. Chuo kilitaka sehemu ya kwanza ya ada papo hapo, nikalipa kwa fedha nilizokuja nazo. Sehemu ya pili ilitakiwa mwisho wa Novemba. Hiyo ndiyo iliyokuwa itumwe na baba, na ili itumwe ilibidi mwanawe awe na akaunti.

Siku ya tatu nikaenda. Karani akanipokea vizuri, nisimsingizie. Akataka ushahidi kwamba ninakaa pale ninaposema ninakaa: bili ya gesi au ya umeme, yenye jina langu. Nikamwambia nimefika juzi, hata balbu bado sijawasha. Basi leta mkataba wa nyumba. Nikaenda kwa mawakala wa nyumba, wakasema mkataba hawatoi mpaka mpangaji awe na akaunti ya kulipia kodi. Nikarudi benki. Jamani, niliizunguka duara hiyo siku kumi, asubuhi wakala, mchana benki, kama daladala ya Raskazoni.

Kisha kukawa na suala la anuani ya nyumbani. Nikaandika S.L.P., kama kila Mtanzania anavyoandika. Karani akaisoma, akatikisa kichwa: sanduku si mahali pa kuishi mtu. Kweli si mahali pa kuishi mtu, tena lile sanduku hata halikuwa letu, lilikuwa la shule ya msingi aliyokuwa akifundisha shangazi. Nikakumbuka kwamba sisi wa Ngamiani tuna bahati kuliko wengi, barabara zetu zina namba. Nikaandika Barabara ya 12. "Na nyumba namba ngapi?" Hapo nikakwama. Nyumba yetu inajulikana kwa mwembe. Ukishuka stendi ukasema unakwenda kwa Mzee Khalfan penye mwembe utaletwa mpaka mlangoni, ingawa mwembe wenyewe ulikatwa nikiwa darasa la pili. Nitaiandikaje hiyo kwenye kisanduku cha fomu chenye nafasi ya tarakimu nne? Nikaandika 7. Mpaka leo sijui namba 7 kwetu ni nyumba ya nani.

Likaja jina. Mimi naitwa Ahmed. Baba yangu Khalfan, na baba yake Mbwana. Pasi yangu ya kusafiria ilisema hivyo hivyo, Ahmed Khalfan Mbwana, na kwa wenzetu jina la mwisho ndilo la ukoo. Basi nikafunguliwa akaunti ya Mr A. K. Mbwana, yaani Bwana Mbwana, na kila nilipoitwa hivyo dirishani nilitaka kugeuka nione kama babu ameingia. Nasema haya kwa utani lakini mshike vizuri hiyo A na hiyo K, maana ndizo zilizoniua.

Akaunti yenyewe ilipatikana kwa msaada wa mtu mmoja ambaye nitamwita Mzee wa Jinja. Alikuwa Mhindi mwenye duka la viungo na unga karibu na Belgrave Road. Niliingia kununua dengu, nikasikia anamgombeza kijana wake kwa Kigujarati, na katikati ya maneno yale likachomoka neno moja: "Upesi!" Nikacheka peke yangu. Akaniangalia.

"Weye natoka wapi?"

"Tanga, Mzee."

"Tanga! Mimi toka Jinja."

Walifukuzwa Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90. Kila familia iliruhusiwa kutoka na pauni zisizozidi 50 au karibu na hapo. Baraza la mji wa Leicester likatangaza katika gazeti la Uganda kwamba mji umejaa, wasije. Wakaja. Alinipa chumba juu ya duka, akaniandikia barua ya kuwaambia benki kwamba ninakaa kwake, akaigonga mhuri wa duka wenye picha ya tembo. Sijui kama ni barua au ni tembo, lakini safari hii karani aliikubali.

Oktoba tarehe za ishirini baba akatuma. Ilikuwa dola 4,000, zaidi ya shilingi milioni 4 kwa wakati ule, na zilitoka katika shamba la michungwa la Muheza ambalo baba na mjomba walikuwa wakilimiliki pamoja. Mjomba hakutaka liuzwe. Alikubali kwa shingo upande, akasema mtoto akisoma tutapanda mengine. Baba akaenda benki Tanga, akatuma kwa TT. Jirani akanipigia simu: tayari, imekwenda, siku tano.

Siku tano zikapita, zikapita kumi. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Oktoba, majira ambayo Leicester jua linazama saa kumi na nusu jioni, na benki nayo ikifunga karibu na saa hizo hizo. Kwa hiyo nilikuwa nikitoka darasani nakimbilia foleni nikiwa na tende mbili mfukoni. Zaidi ya mara moja nilifuturu pale pale juu ya zulia la buluu, mbele yangu bibi mwenye mbwa, nyuma yangu jamaa analalamikia kadi yake. Nikifika dirishani: "Samahani Bwana Mbwana, hakuna kitu." Kesho yake tena: "Samahani Bwana Mbwana." Dada wa dirisha la tatu alifikia kunitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni, nisijisumbue kupanga.

Nikampigia baba kwa kadi ya simu. Akaleta faksi ya risiti dukani kwa Mzee wa Jinja. Ilitoka nyeusi nyeusi lakini ikasomeka. Namba ya akaunti sawa. Benki sawa. Mpokeaji: AHMED KHALFAN.

Basi. Babu hakuwemo.

Msimlaumu baba. Pale dirishani Tanga alihudumiwa na binti aliyesoma na dada yangu. "Unamtumia nani, baba?" "Namtumia Ahmed." Ahmed yupi? Ahmed wa Khalfan, si anamjua, amekua akimwona anapita na mpira. Akaandika Ahmed Khalfan, ndivyo ninavyoitwa mji mzima. Nani kwetu humwita mtu majina matatu, isipokuwa hakimu?

Nikadhani nimepata tatizo na dawa yake. Baba akarudi Tanga benki, wakatuma ujumbe wa kusahihisha jina. Nikangoja. Mwisho nikaomba kuonana na mkubwa, nikaketishwa kwenye chumba cha vioo na bwana mmoja mwenye tai ya manjano, akabonyeza kompyuta yake weee, halafu akasema: "Fedha yako iko New York."

"New York imefuata nini? Imetoka Tanga inakuja Leicester!"

Hakunijibu, nikaja kujifunza baadaye. Fedha ya TT haisafiri kama mzigo wa basi. Benki ya Tanga inapeleka ujumbe kwa mtandao uitwao SWIFT, ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, na kama ni dola, mara nyingi ujumbe hupitia benki ya Marekani ambako benki zetu zimeweka akaunti zao za dola. Kule wanapunguza hapa, wanaongeza pale, na kila anayeugusa ujumbe anakata chake. Kwa hiyo ukiuza machungwa Muheza ukayageuza dola, jua kwamba machungwa hayo yatapigwa hodi Marekani. Na Marekani wanasoma majina.

Kufikia hapo nilikuwa nimechacha kweli kweli. Nilikuwa nabeba boksi kwenye ghala la nguo usiku, saa zile 20 kwa wiki ambazo mwanafunzi aliruhusiwa, na mshiko wake ulinitosha nauli, daku na kadi za simu. Kodi ya chumba Mzee wa Jinja aliiandika tu kwenye daftari lake. Chuo kikanipa barua ya onyo: nisipolipa, jina langu litafutwa kwenye orodha ya wanafunzi. Ulikuwa mwaka wa majina ule.

Lakini hayo yote nayaweza kuyasimulia nikicheka. Kuna simu moja siwezi.

Sikukuu ya Idi nilimpigia baba. Nyuma yake nilisikia watoto, sahani, mama akimwita mtu aje ale pilau. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akaondoka kwenye zile kelele, nikasikia mlango unafungwa.

"Ahmed."

"Naam, baba."

"Ile hela umepokea, hujapokea?"

"Sijapokea, baba."

"Maana mimi karatasi ninayo. Imeandikwa imekwenda. Nimeulizia benki wanasema kwao imetoka." Akakohoa. "Mjomba wako anasema maneno. Watu wameanza kusema. Wanasema vijana wakifika huko wanabadilika."

"Baba, wallahi..."

"Usiape. Leo Idi. Niambie tu."

Nikamwambia tena kwamba sijapokea. Akasema haya, mwanangu. Kadi ikaisha tukiwa bado tumenyamaza, ile sauti ya mwanamke wa kwenye kadi ikaingia kutuambia dakika zimekwisha. Sikujua kama ameniamini. Nilikaa kwenye ngazi za duka mpaka miguu ikafa ganzi. Ukiwa Tanga mtu akikushuku unakwenda kukaa naye barazani, unakunywa naye kahawa siku tatu, anakutazama usoni, yanakwisha. Mimi nilikuwa na sauti tu, tena ya pauni tano.

Kesho yake nikaenda benki, nadhani nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini kwa Kiingereza lakini mengine yalitoka kwa Kiswahili. Dada wa dirisha la tatu akangoja nimalize, akainama karibu na kioo, akasema polepole:

"Jina lako limegonga kitu."

"Limegonga nini?"

"Siruhusiwi kusema. Hata mimi siambiwi. Linatokea tu limezuiwa."

Nilikwenda moja kwa moja maktaba ya chuo, nikaketi kwenye kompyuta, nikaandika jina langu. Sikutafuta muda mrefu.

Mwezi Oktoba mwaka 2001 serikali ya Marekani ilitangaza orodha ya watu 22 inaowasaka kwa ugaidi. Mmoja wao ni mtu wa Zanzibar, aliyetakiwa kwa ajili ya mabomu ya balozi zao ya tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam. Jina lake ni Ahmed Khalfan Ghailani. Chini yake wameorodhesha majina mengine anayotumia, safu nzima. Moja ni Ahmed Khalfan. Basi, maneno mawili, hakuna zaidi. Jingine, kwa Kiingereza chao, ni Ahmed Mtanzania.

Nililisoma hilo la pili nikatazama huku na huku kama mwizi. Ahmed Mtanzania! Simama Kariakoo uite, uone wangapi watageuka. Tena jina jingine la yule bwana lilikuwa Fupi, na mimi nina futi sita na inchi mbili, lakini futi haziandikwi kwenye TT.

Siku ya bomu nilikuwa Dar, kwa mjomba mwingine, Kinondoni. Nilikuwa naosha vyombo uani. Tulisikia mshindo, bati likatetemeka, mke wa mjomba akadhani ni mtungi wa gesi wa jirani. Baadaye tukaona moshi. Watu 11 walikufa Dar, na Nairobi zaidi ya 200. Nakumbuka usiku ule tulikuwa tukisikiliza redio na mjomba akasema, aliyefanya hivi Mungu atamwonyesha. Miaka mitano baadaye nimeketi Leicester, ada yangu imezuiwa kwa sababu mimi na aliyekuwa akisakwa tumeitwa majina ambayo pwani yote watu wanawaita watoto wao. Ningekuwa karani wa New York labda na mimi ningezuia. Hilo nimelifikiria sana, na sijapata jibu linaloniridhisha. Lakini ningemwambia mtu. Ningeandika hata mistari miwili: tumezuia kwa sababu hii, tuletee hiki na hiki. Wiki zile zote waliniambia samahani, na neno samahani lilinifanya mwizi mbele ya baba yangu.

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Nikamweleza polepole, orodha, New York, jina. Alinyamaza mpaka nikadhani kadi imeisha tena.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekosea kuandika," akasema.

"Hapana, baba."

"Ungeitwa jina jingine." Kisha akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Ahmed alikuwa mdogo wangu. Alizama na ngalawa mwaka uliozaliwa wewe. Mama yako alitaka uitwe Rajabu. Mimi ndiye niliyesema Ahmed."

Nilikuwa nalijua jina la baba mdogo, nilikuwa sijui kwamba lilibishaniwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa karatasi. Sasa kwa kuwa nilijua cha kuuliza, yule bwana wa tai ya manjano naye akaweza kunijibu, ati mpaka hapo alikuwa anangoja niulize. Nikatoa nakala ya pasi, tarehe ya kuzaliwa, barua ya chuo, hati ya mauzo ya shamba iliyokuja kwa faksi na dole gumba la shahidi. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba fedha ni ya ada na mtumaji ni baba yangu mzazi. Chuo nacho kikanivumilia mpaka Krismasi, maana mwalimu wangu mmoja alikwenda kuwasemea. Barua ya kuthibitisha kwamba mimi siye yule mtu sikupewa. Niliiomba. Bwana wa tai akasema hawana fomu ya namna hiyo.

Usiku mmoja kati ya zile za kungoja, Mzee wa Jinja alinionyesha kitabu chake cha benki. Alikitoa kwenye bati la biskuti, kimefungwa kwa mpira, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Akaunti ya Jinja, iliishia Septemba 1972. Akanionyesha salio kwa kidole, shilingi za Uganda, tarakimu nyingi. "Pesa iko," akasema. "Bado iko." Sikujua kama ananitania. Akakifunga tena mpira, akakirudisha kwenye bati, akaniuliza kama nimekula.

Fedha iliingia wiki ya pili ya Desemba, asubuhi ya Jumanne. Dada wa dirisha la tatu aliniona mlangoni, safari hii akanipungia mkono nije. Ilikuwa imepungua kwa makato ya benki tatu na kwa kubadilishwa kuwa pauni siku ambayo dola ilikuwa imeshuka. Nikalipa chuo saa ile ile. Yule mtu wa kwenye orodha alikamatwa Pakistani Julai mwaka uliofuata, 2004, na Januari 2011 akahukumiwa New York kifungo cha maisha. Kukamatwa kwake hakukuniondolea kitu. Mpaka leo nikitumiwa fedha namwambia mtumaji aandike majina yote matatu, na kama kuna nafasi aongeze na la babu mzaa babu.

Nilipompigia baba kumwambia imefika, swali lake la kwanza lilikuwa wamekata ngapi. Nikamtajia. Akapiga mluzi. Halafu akamwita mjomba, kumbe alikuwapo pale barazani, akampa simu.

"Ahmed," mjomba akasema. "Shamba lile lilizaa sana msimu huu. Yule jamaa amevuna lori mbili."

"Pole, mjomba."

"Ahaa, mimi nakwambia tu." Akanyamaza. "Huko baridi?"

"Baridi, mjomba."

"Jifunike."

Jioni nikateremka dukani kulipa kodi ya miezi yote. Mzee wa Jinja akazihesabu noti mara mbili, akalamba kidole, akafungua daftari la madeni. Ukurasa wangu juu ameuandika TANGA. Akapiga mstari, akaandika tarehe, akaniuliza kama dengu zimeniishia.